Damu Imekaa Saba: Bi Nesi Anajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimenijia kwa wingi, na karibu zote zinaongea kwa namba. "Damu yangu ni nane." "Damu ya mama imekaa saba." Sisi tuliozoea vitengo vya kusafisha damu kwa mashine, kwa watu ambao figo zao zimeshindwa, tunaelewana, mgeni akisikia atadhani tunahesabu chupa. Namba hiyo ni gramu za himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, katika desilita moja ya damu. Mwanamke mzima mwenye afya huanzia 12, mwanamume 13. Watu wa mashine wengi wanaishi chini ya hapo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimesimama kando ya mashine hizo miaka 26. Dozi sipangi, hiyo ni kazi ya daktari aliyeshika faili lako. Ninachoweza ni kukuonyesha pa kuangalia na la kuuliza.

Shikamoo Bi Nesi. Mume wangu ana miaka 52, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, huu mwaka wa pili. Kila akienda anachomwa sindano ya kuongeza damu. Mwezi wa tano sasa. Alianza na 8.4, juzi imetoka 7.8, na dozi wameshaiongeza mara mbili. Akipanda ngazi anakaa katikati apumzike. Je, sindano ni feki? (Mke, faili lote la vipimo liko mkononi)

Marahaba, mwanangu. Hilo faili ndilo lililonifanya nianze na barua yako.

Sindano inaweza kuharibika, hilo nitaligusa huko chini. Lakini mara nyingi niliyoyaona, sindano ilikuwa nzima na kilichokosekana kilikuwa kingine. Figo zikiwa na afya zinasikilizia oksijeni inayopita kwenye damu. Ikipungua, zinatoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo inakwenda mpaka kwenye uboho wa mifupa na kuuhimiza utengeneze chembe nyekundu. Figo zikishindwa, homoni hiyo inakuwa haba. Uboho upo, mzima, lakini hausikii mtu wa kuuhimiza. Sindano anayochomwa mume wako ni homoni ileile, imetengenezwa kiwandani.

Sasa mchukulie uboho kama fundi mwashi. Sindano inamwamsha fundi asubuhi na kumpigia kelele ajenge. Haimletei saruji. Ukimpigia fundi kelele mara mbili zaidi na saruji hakuna, ukuta hauongezeki hata tofali moja. Saruji hapa ni madini ya chuma.

Fungua faili. Tafuta vipimo viwili: feritini, na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Feritini inakupa picha ya ghala, chuma kilichowekwa akiba. Ile asilimia ni chuma kilicho njiani, kinachopelekwa kwa fundi. Kwa mtu wa mashine, asilimia ikiwa 30 au chini yake na feritini haijavuka 500, madaktari wengi hufikiria kumpa chuma kwa njia ya mshipa. Usishangae namba hizo kuwa kubwa kuliko za mtu asiye na ugonjwa wa figo. Kama vipimo hivyo havimo kabisa kwenye faili, basi umepata swali lako la kwanza kwa daktari.

Utauliza chuma kinakwenda wapi. Mwambie mume wako, siku yake ijayo, aangalie dakika tano za mwisho. Nesi anafungulia maji ya chumvi, nayo yanaisukuma damu irudi mwilini. Mrija unaanza na rangi nzito, unageuka waridi, kisha unakuwa mweupe unaouona hadi upande wa pili. Halafu aangalie kichujio chenyewe, lile bomba nene lililosimama kando ya mashine. Ndani yake mna nyuzi maelfu, nyembamba kama unywele. Zikitoka nyeupe, damu yake karibu yote imerudi. Zikibaki na michirizi myekundu kutoka juu hadi chini, hiyo ni damu yake, na inakwenda kwenye ndoo ya taka. Mimi nilikuwa nakigeuza kichujio kwenye mwanga kabla sijakitupa, na mgonjwa namwonyesha. Wengine walikuwa wanachukia, wanasema namtia mtu huzuni. Lakini ukiona michirizi zamu tatu mfululizo unajua la kuuliza: dawa ya kuzuia damu isigande inatosha? Mashine inasimamasimama kwa sababu sindano ya fistula, ile njia ya mshipa iliyotengenezwa mkononi, haijakaa vizuri?

Na ikitokea damu imeganda yote, mirija na kichujio vikatupwa pamoja, hapo zinaweza kupotea mililita 200 hivi. Kwa mtu mwenye damu ya nane, ndani yake mna kama miligramu 55 za chuma. Mwanamume mwenye afya anapoteza kama miligramu 1 tu kwa siku. Jumlisha na sirinji za vipimo, na matone baada ya kutoa sindano, utaelewa kwa nini mtu wa mashine anaweza kupoteza gramu 1 hadi 3 za chuma kwa mwaka, wakati mwili mzima una gramu 3 au 4 tu.

Hilo ni la kwanza. La pili: je, anatumia fistula mkononi au katheta, ule mrija unaoingizwa kwenye mshipa wa shingoni? Katheta ikiwa na maambukizi ya chinichini, hata yasiyoleta homa kali, ini linamwaga protini iitwayo hepsidini, nayo inafunga mlango wa ghala. Chuma kimo, hakitoki. Kwenye karatasi utaona feritini 900 na ile asilimia 14, mtu akaguna, "Mbona chuma kingi?" Kingi, lakini kimefungiwa ndani. Jino bovu linaweza kufanya hivyo, kidonda cha mguu kinaweza, hata figo ya zamani iliyopandikizwa ikakataliwa na bado imo tumboni. Nimewahi kumwona mama mmoja aliyesumbuliwa miezi minne na sindano, dozi juu ya dozi. Alipong'olewa mizizi mitatu ya meno iliyooza damu ikaanza kupanda yenyewe.

La tatu, muda. Akipangiwa muda wa saa nne anakaa zote nne, au anaomba atolewe baada ya saa tatu na nusu kwa sababu ya msongamano wa magari? Sumu zikibaki mwilini uboho unazubaa na chembe nyekundu zinakufa mapema. Za kwako wewe zinaishi siku 120 hivi. Zake zinaishi chini ya hapo hata akisafishwa vizuri. Daktari anaweza pia kuangalia homoni ya tezi za paradundumio, vitamini B12, folate, na dawa za presha anazotumia. Kuna tatizo jingine nadra ambapo mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya sindano yenyewe. Usianze nalo hilo, utakosa usingizi bure.

Nimeacha la muhimu katikati, nisamehe. Kabla ya yote hayo, hiyo 7.8 ni ya kweli? Nitakusimulia kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini nilimchukua mgonjwa damu ya kipimo kwenye mrija, baada ya kuusukuma kwa maji ya chumvi. Sikumwaga ile damu ya mwanzo. Majibu yakarudi 5.9, daktari akaagiza damu chupa mbili. Yule baba akaniangalia akasema, "Nesi, mimi leo nimekuja kwa miguu." Nikarudia kipimo kwa mkono unaotetemeka: 9.1. Nilikuwa nimepima maji. Tangu siku hiyo, mgonjwa akiniambia namba haifanani naye, narudia.

Maji ya mwilini nayo yanadanganya. Akija na kilo nne za ziada baada ya mwisho wa wiki, damu yake imezimuliwa kama juisi iliyotiwa maji. Ndiyo maana vitengo vingi hupenda kupima katikati ya wiki, kabla ya kuanza mashine. Linganisha namba zilizochukuliwa siku ya namna moja, si ya baada ya mapumziko marefu na ya katikati.

Kuhusu kuongeza dozi mara mbili bila kutafuta chanzo, mimi sifurahii, na daktari wako nadhani hatakasirika ukimuuliza kwa adabu: "Daktari, chuma chake kikoje, na kuna maambukizi popote?" Dozi kubwa zina hatari zake. Ila usisubiri siku ya kliniki iwapo atabanwa kifua, atahema akiwa amekaa tu, au atazimia. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Bi Nesi, mimi ni fundi wa maabara, na safu yako ya toleo lililopita imenikera. Uliandika, "feritini ikiwa juu, chuma kinatosha." Sivyo. Feritini hupanda kwa uvimbe na maambukizi. Wasomaji wako wataacha dawa. (Msomaji wa siku nyingi)

Umenishika. Niliandika kwa haraka, na jibu la barua ya juu ndiyo namna nilivyopaswa kuandika.

Nikuongezee kidogo, maana naona unapenda mambo haya. Kwa miaka mingi tulikuwa tunaogopa kumpa mtu wa mashine chuma mpaka feritini yake iwe imeanguka. Uingereza walifanya utafiti kwa watu 2,141 wanaosafishwa damu, majibu yakatoka mwaka 2019. Kundi moja walipewa miligramu 400 za chuma kwenye mshipa kila mwezi, wakisimamishwa tu feritini ikivuka 700 au ile asilimia ikifika 40. Kundi la pili walipewa pale tu walipopungukiwa. Waliopewa mapema walihitaji sindano chache za homoni, na hawakufa wala kupata mshtuko wa moyo zaidi ya wenzao. Mabaya hayo, yakijumlishwa, waliyapata kwa uchache. Maambukizi hayakuongezeka. Mimi niliyekuwa nikibana chuma kama mali yangu, nilikisoma kile kitu mara mbili.

Hata hivyo, mtu akiwa na homa na bakteria kwenye damu, chuma cha mshipa kinasimamishwa kwanza. Hilo halijabadilika.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nipo mashine miezi sita. Nameza vidonge vya chuma kila siku, tumbo linasokota na choo kimekuwa cheusi. Damu haipandi. Niendelee?

Dada, choo kuwa cheusi au kijani kibichi kwa vidonge vya chuma ni kawaida. Lakini nikuulize jambo lisilo la mezani: cheusi cha namna gani? Kikiwa kigumu kama kawaida, rangi tu imebadilika, tulia. Kikiwa laini, kinanata kama lami na harufu yake inakufukuza chooni, hiyo huenda ni damu iliyovuja tumboni. Watu wa mashine wanavuja kirahisi, kwa sababu chembe za kugandisha damu zimezubaa na tunawapa dawa ya kuzuia kuganda. Mweleze daktari kabla ya zamu yako ijayo, wakupunguzie au wakuondolee hiyo dawa siku hiyo.

Vidonge vyenyewe kwa mtu wa mashine mara nyingi havitoshi. Utumbo haunyonyi vizuri, na kama unameza vidonge vya kalsiamu vya kuzuia fosfeti pamoja navyo, vinakamatana humohumo. Dawa za kupunguza asidi tumboni nazo zinazuia. Uliza kama unaweza kupewa chuma kwenye mrija wakati unasafishwa. Aina moja hutolewa miligramu 100 kila zamu mpaka zamu kumi. Hakuna sindano ya ziada, mrija upo tayari. Siku ya kwanza nesi akae karibu, na wewe ukisikia mwili unawasha, kifua kinabana au kizunguzungu, piga kelele usione haya.

Bi Nesi, nina miaka 29. Damu yangu ilifika 11.6 nikaanza kujisikia mtu. Daktari akapunguza sindano! Nikamwambia nataka 14 kama vijana wenzangu, akacheka. Ananibania?

Hakubanii, mwanangu, ingawa kucheka hakukuwa na haja.

Nilianza kazi kabla sindano hii haijatufikia. Tulikuwa tunatundika damu, mtu anapanda hadi nane, wiki tatu zikipita yuko sita tena. Wanasayansi walishajua homoni ipo, wakashindwa kuipata ya kutosha. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake kule Chicago waliitenga ikiwa safi kwa mara ya kwanza, kutoka lita 2,550 za mkojo alizokusanya Takaji Miyake huko Japani kwa wagonjwa ambao uboho wao haukufanya kazi. Lita zote hizo, wakaambulia miligramu chache. (Nilipomsimulia mgonjwa wangu mmoja, ambaye alikuwa hajakojoa miaka mitatu, alicheka mpaka mashine ikapiga kengele.) Baadaye jeni yake ikapatikana, sindano ikatengenezwa kiwandani, na mwaka 1989 ikaruhusiwa Marekani. Watu waliokuwa wanasukumwa kwenye viti wakaanza kuja kwa miguu.

Na wewe ungefikiri kama tulivyofikiri sisi wote: kama kumi ni nzuri, basi 14 ni nzuri zaidi. Wakajaribu. Mwaka 1998 zilitoka habari za utafiti wa watu 1,233 wa mashine wenye ugonjwa wa moyo. Nusu waliinuliwa damu mpaka kiwango cha mtu mzima wa afya. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu kundi la damu ya juu halikuwa likinufaika. Vifo na mishtuko ya moyo vilikuwa vingi upande wake, na njia za mkononi za kusafishia damu ziliganda zaidi. Mwaka 2009 ukatoka mwingine, wa wenye kisukari na ugonjwa wa figo ambao hawajafika mashine: waliolenga 13 walipata kiharusi karibu mara mbili ya wenzao. Tangu 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishaamuru onyo zito liandikwe kwenye pakiti.

Ndiyo maana siku hizi wengi wanakuweka kati ya 10 na 11.5 hivi, na hawataki damu ipande zaidi ya gramu 2 ndani ya wiki nne. Damu ikipanda kwa kasi, presha inapanda nayo. Kama unaumwa kichwa tangu ulipofika hiyo 11.6, sema. Na kila asubuhi weka vidole juu ya fistula yako usikilize ule mtetemo. Ukiukosa siku moja, usingoje zamu.

Kuna watu wachache, hasa vijana wanaofanya kazi za nguvu, ambao daktari hukubali kuwaacha juu kidogo ya hapo baada ya kuzungumza nao. Kwa hiyo zungumza naye. Mwambie kazi unayofanya na unachoshindwa kukifanya ukiwa na kumi. "Nataka 14" haimsaidii kuamua lolote.

Shikamoo. Dada yangu wa damu amejitolea kunipa figo, tunasubiri vipimo. Wiki hii damu yangu imeshuka 7.1 na hospitali wanataka niongezewe. Dada anasema atatoa yeye, kwani damu zetu zinaoana. Tumshukuru?

Mshukuruni, na mwambieni asitoe.

Najua inasikika vibaya. Sababu ni hii: kila damu ya mtu mwingine ikiingia mwilini mwako, kinga yako inaweza kuzijua alama za seli za yule mtu na kuweka kingamwili dhidi yake. Akija kesho na figo yenye alama zilezile, mwili unamtambua kama mgeni aliyeshafukuzwa. Mnaweza kuwa mmekubaliana kila kitu, kisha kipimo cha mwisho kikawakataza, kwa sababu ya chupa moja ya upendo. Hatari hiyo ipo kwa damu ya mtu yeyote, ila ya mtoa figo wako ndiyo mbaya kuliko zote.

Waambie madaktari leo, kwa sauti, hata kama unadhani wanajua: "Mimi nasubiri kupandikizwa, na mtoaji ni dada yangu." Mara nyingi anayeshughulikia mashine na anayeshughulikia upandikizaji ni watu wawili ambao hawajawahi kuonana. Waulize kama 7.1 inaweza kusubiri chuma na sindano. Sindano si ya leo kesho. Huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi. Ukiwa unatembea, unaongea, kifua hakiumi, huenda wakakubali kusubiri. Ukiwa unavuja damu au moyo unalalamika, pokea damu usibishane, figo itatafutiwa njia baadaye. Iwapo ni lazima, waombe damu iliyochujwa seli nyeupe kama ipo, na waitundike ukiwa kwenye mashine. Chupa ya damu ina maji na potasiamu, na wewe huna figo za kuvitoa.

Nasafishwa kwa njia ya tumbo, nyumbani, kwa hiyo sindano najichoma mwenyewe. Mtoto aliiweka sehemu ya barafu, ikaganda. Nimeiyeyusha na inaonekana safi. Nichome?

Usichome. Itupe, umwombe nesi wako nyingine. Sindano hizi ni protini. Zikiganda zinaharibika bila kubadilika sura. Makazi yake ni kati ya nyuzi 2 na 8, rafu ya katikati ya friji, mbali na mlango na mbali na ukuta wa nyuma unaotoa barafu. Usiitikisetikise pia. Mtoto usimpige.

Kuna unga wa majani unauzwa, wanasema unapandisha damu kwa wiki. Niutumie pamoja na mashine?

Hapana. Majani yaliyokaushwa yakasagwa huwa na potasiamu iliyojikusanya, na kwa mtu asiye na figo potasiamu inasimamisha moyo bila kubisha hodi. Na hata yangekuwa na chuma, barua ya kwanza umeisoma: fundi wako hana wa kumwamsha.

Nasikia kuna kidonge badala ya sindano. Kweli?

Kweli. Wanasayansi watatu walipewa Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyotambua oksijeni kupungua, na vidonge hivyo vinapita njia hiyohiyo: vinaudanganya mwili kwamba uko juu ya mlima mrefu, nao unatoa homoni yake wenyewe. Kimoja, daprodustati, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2023 kwa watu walio kwenye mashine. Onyo la damu kuganda na kiharusi ni lilelile la sindano, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa ni salama kwa sababu tu kinamezwa.

Bi Nesi, swali langu dogo. Kwa nini nikiwa mashine nasikia baridi hadi meno yanagongana, wakati jirani yangu wa kitanda cha pili anajipepea? Damu yangu ni 8.2. Huwa najifunika blanketi gubigubi nalala.

Si dogo hata kidogo, mwanangu. Damu ikiwa chache mwili unaipeleka kwanza kwenye moyo na ubongo, vidole vinabaki na baridi. Halafu damu yako inatoka nje, inapita kwenye mirija, inakutana na maji ya mashine ambayo mara nyingi huwekwa chini kidogo ya joto lako ili presha isianguke. Jirani yako huenda ana damu ya kumi na moja. Mwombe nesi aangalie joto la maji, vaa soksi nzito na kofia. Ila ukitetemeka kwa nguvu na homa ikafuata, hasa kama una katheta, hiyo si baridi ya damu chache, mwite mtu palepale.

Blanketi jifunike, lakini mkono wenye sindano uache nje, wazi, mpaka juu ya kiwiko. Mashine inavuta kama mililita 300 kwa dakika. Sindano ya kurudisha damu ikichomoka chini ya blanketi, kengele inaweza isilie, na blanketi linanyonya kimyakimya wewe umelala. Niliwahi kufunua moja, la rangi ya bluu iliyokolea, nikadhani limemwagikiwa maji. Lilikuwa la moto.

Mkono uwe nje, nesi akipita auone.